Astros walimtoa Tucker bila ada ya uhamisho. Walipata nini?

Swali la msomaji: "Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston mwaka wa nane sasa. Nimekulia kwenye mpira wa miguu, lakini watoto wamenivuta kwenye besiboli na nyumba nzima sasa ni Astros. Desemba 2024 klabu ilimtoa Kyle Tucker kwa Chicago Cubs, ikapewa wachezaji watatu, na hakuna ada iliyotajwa. Miezi miwili baadaye Alex Bregman akaenda Boston, bure kabisa. Kule nyumbani klabu haikubali kumwachia nyota wake hivihivi. Kwa nini hawakumuuza? Los Angeles Dodgers wanapata wapi dola milioni 700 za kumpa mtu mmoja? Na wale vijana wa Uganda niliosikia wamesajiliwa na Dodgers, nao siku moja watakuwa huru kama Bregman?"

Kaka,

Umeuliza kama mtu aliyelelewa na mpira wa miguu, na hapo ndipo penye fundo. Astros hawakumuuza Tucker kwa sababu besiboli ya Marekani haina soko la kumuuza mchezaji kwa fedha. Aston Villa walipomtaka Mbwana Samatta Januari 2020, waliweka fedha mezani, Genk wakazipokea, mambo yakaisha. Ligi Kuu ya Besiboli, MLB, haiendi hivyo. Klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba kwingine inatoa wachezaji wake, na klabu inayompoteza inapokea wachezaji. Fedha zinaweza kuongezewa juu, ila zikizidi dola milioni moja lazima kamishna wa ligi aidhinishe.

Zamani mlango huo ulikuwa wazi. Babe Ruth, ambaye hata asiyejua besiboli amelisikia jina lake, aliuzwa na Boston Red Sox kwa New York Yankees mwishoni mwa Desemba 1919, na Boston wakakaa hadi 2004 ndipo wakauona ubingwa tena. Aliyeufunga mlango ni kamishna Bowie Kuhn. Juni 1976 mmiliki wa Oakland Athletics, Charlie Finley, aliona nyota wake wanakaribia kumaliza mikataba, akafanya kile ambacho mwenyekiti yeyote wa klabu ya soka angekifanya: akawauza mapema. Joe Rudi na Rollie Fingers waende Boston kwa dola milioni moja kila mmoja, Vida Blue aende Yankees kwa milioni moja na nusu. Siku tatu tu zikapita, Kuhn akaifuta biashara yote. Hoja yake ilikuwa kwamba klabu tajiri zingenunua kila mwenye kipaji na ligi ingebaki haina mashindano. Finley akaenda mahakamani, akashindwa. Tangu hapo fedha ni mchuzi tu, wali wenyewe ni wachezaji. Utaona fedha zikitumika zaidi pale klabu inapokubali kuendelea kubeba sehemu ya mshahara wa mtu inayemwachia, kama Texas Rangers walipompeleka Alex Rodriguez kwa Yankees Februari 2004 huku wakibaki na mzigo wa dola milioni 67 za mshahara wake.

Sasa, kama si fedha, Astros walipokea nini? Ukitazama majina matatu hutaona kitu. Tazama miaka. Kinachobadilishwa mikono katika besiboli ni muda, yaani misimu ambayo klabu bado ina haki ya kumtumia mchezaji kabla hajawa huru. Ukilishika hilo, habari zote za usajili wa majira ya baridi zitaanza kukaa sawa kichwani.

Mchezaji akipanda ligi kuu anakuwa chini ya klabu yake hadi atimize miaka sita ya utumishi. Katika mitatu ya kwanza klabu ndiyo inayosema atalipwa kiasi gani, na wengi hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Ni fedha nyingi kwangu na kwako, lakini ni kidogo mno kwa kijana anayepiga mipira 30 nje ya uwanja kwa msimu. Kuanzia mwaka wa nne anapata haki ya usuluhishi: yeye anataja mshahara anaoutaka, klabu inataja wa kwake, na wakishindwana wanakwenda mbele ya wasuluhishi ambao wanalazimika kuchagua mmoja kati ya mishahara hiyo miwili. Kukata katikati hakuruhusiwi. Tucker mwenyewe alipita humo. Kwa msimu wa 2023 aliomba dola milioni 7.5, Astros wakasema milioni 5, wasuluhishi wakaipa klabu ushindi. Hata hivyo ngazi hupanda: 2024 alilipwa milioni 12, na 2025 milioni 16.5. Miaka sita ikitimia, anaondoka anakotaka.

Mwaka wa utumishi nao una hesabu yake. Msimu una siku 180 na ushee, lakini siku 172 zinatosha kuhesabiwa mwaka kamili. Pengo hilo dogo limeleta machozi. Mwaka 2015 hao hao Cubs walikuwa na chipukizi aliyeiva kabisa, Kris Bryant. Walimwacha ligi ya chini msimu ulipoanza, wakampandisha Aprili 17, akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Siku moja pungufu, na klabu ikajipatia msimu mzima wa ziada wa kummiliki. Bryant alilalamika rasmi kupitia chama cha wachezaji na mwanzoni mwa 2020 akaambiwa hana kesi. Mimi naona ilikuwa dhuluma, hata kama kanuni iliruhusu. Mkataba wa ligi na wachezaji wa mwaka 2022 umejaribu kuiziba njia hiyo: chipukizi akishika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji bora mpya wa ligi yake, anapewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia.

Rudi kwa Tucker. Desemba 2024 alikuwa amebakiza msimu mmoja tu. Cubs hawakumnunua Tucker, walinunua mwaka 2025 wa Tucker. Upande wa pili, Isaac Paredes alikuwa na misimu mitatu mbele yake, mrushaji Hayden Wesneski misimu minne, na Cam Smith, ambaye Cubs walikuwa wamemchagua miezi mitano tu kabla kwenye drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wapya kila mwaka, alikuwa hajaanza hata siku moja ya kuhesabiwa, kwa hiyo misimu sita mizima. Jumlisha. Astros walitoa msimu mmoja wakachukua 13.

Sikwambii hivyo ili kuyafuta maumivu yenu. Msimu mmoja wa Tucker si sawa na msimu mmoja wa Wesneski, na kwenye ubao wa matokeo muda hauonekani. Mwaka 2025 Cubs walirudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2020 wakaishia mikononi mwa Milwaukee. Astros walikosa mtoano, jambo ambalo halikuwa limewatokea tangu 2016. Wesneski alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Mei. Lakini Paredes aliitwa kwenye mchezo wa nyota wote, mechi ya wachezaji bora wa ligi, na Smith alianza siku ya kwanza ya msimu katika kona ya kulia ya nje, palepale alipokuwa akisimama Tucker. Na Tucker? Alimaliza mwaka wake na Cubs, akawa huru, na Januari 2026 akasaini na Dodgers: miaka minne, dola milioni 240. Chicago walibaki na kumbukumbu ya msimu mmoja na nafasi ya ziada ya kuchagua kijana kwenye drafti. Houston bado wana haki ya kumtumia Smith hadi mwisho wa 2030.

Juan Soto ndiye anayeonyesha vizuri zaidi jinsi muda unavyopungua thamani. Julai 2022 Washington Nationals walimpa ofa ya miaka 15 kwa dola milioni 440, akakataa. Tarehe 2 Agosti wakampeleka San Diego Padres pamoja na Josh Bell. Alikuwa amebakiza miezi miwili na misimu miwili kamili. Walipewa watu sita, wengi wao vijana wabichi kabisa, na watatu kati yao, CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, baadaye wakafika kwenye mchezo wa nyota wote. Desemba 2023 Padres nao wakamtoa kwa Yankees, safari hii akiwa amebakiza msimu mmoja. Walipata watano, na ilibidi wamwongeze Trent Grisham juu. Idadi inakaribiana, uzito haulingani: kati ya hao watano, Michael King alikuwa na misimu miwili tu mbele yake na Kyle Higashioka mmoja. Soto alikuwa yuleyule, mwenye jicho lilelile la kuukataa mpira mbaya. Kilichopungua ni kalenda. Yankees walifika naye fainali ya 2024, wakafungwa na Dodgers, na Desemba hiyohiyo Soto akawa huru akasaini na New York Mets miaka 15 kwa dola milioni 765. Yankees hawakupata hata mchezaji mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa la Astros liko wapi, sitakuonyesha Desemba 2024. Kufikia hapo walikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: wamtoe wapate kitu, au wamtumie mwaka mmoja kisha wampungie mkono. Kosa, kwa maoni yangu, liko miaka ya nyuma, pale kijana anapokuwa na miaka miwili au mitatu ya utumishi, bado hajawa tajiri, bado anaogopa kuumia, na klabu inaweza kumpa mkataba mrefu kwa bei ya wastani. Astros walilifanya hilo kwa Yordan Alvarez mwaka 2022, miaka sita kwa dola milioni 115. Kwa Tucker halikufanyika. Na hadi siku anaondoka, mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ulikuwa ule wa Jose Altuve wa 2018, dola milioni 151. Tucker angedai mara mbili ya hapo au zaidi. Anayesema "wangemwongezea tu mkataba" hajautazama mfuko wao ulivyozoea kufunguka.

Bregman ni habari tofauti, na hapa mpira wa miguu unakusaidia kuelewa. Julai 2024 Clatous Chama alimaliza mkataba wake Simba akavuka mtaa kwenda Yanga, na hakuna aliyelazimika kumlipa mtu. Bregman alifanya vilevile. Tofauti ni kwamba besiboli inampa aliyeachwa kifuta jasho. Mwezi Novemba klabu inaweza kumwekea mchezaji wake anayemaliza mkataba ofa ya mwaka mmoja yenye mshahara uliopangwa na ligi, ambao ni wastani wa mishahara 125 mikubwa zaidi. Mwaka ule ilikuwa dola milioni 21.05. Akiikubali anabaki. Akiikataa na kusaini kwingine, klabu aliyoiacha inapewa nafasi ya ziada kwenye drafti, na klabu iliyomchukua inapoteza nafasi yake moja au zaidi. Bregman alikataa, akasaini na Boston miaka mitatu kwa milioni 120 huku akiwa na haki ya kujitoa mapema, na Houston wakapata nafasi yao. Ila kwa kuwa Astros walikuwa wamevuka kizingiti cha kodi ya mishahara (nitaieleza mbele) mwaka 2024, nafasi hiyo ilisukumwa nyuma hadi baada ya raundi ya nne. Ni kidogo. Lakini hata hicho kidogo, klabu ya soka isingekipata.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu neno lako "bure kabisa" limenigusa. Uhuru huo wa Bregman ulilipiwa na mtu mwingine. Kwa karibu karne nzima mikataba ya besiboli ilikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kumwongezea mchezaji mwaka mmoja apende asipende, na wamiliki walikitafsiri kwamba mwaka huo ukiisha wanaweza kuongeza mwingine, na mwingine, hadi mtu astaafu. Mchezaji hakuwa na siku ya kuwa huru. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Curt Flood kwa Philadelphia Phillies. Flood alikuwa Mmarekani mweusi, mmoja wa walinzi bora wa eneo la kati la nje katika zama zake, mwenye ubingwa wa 1964 na 1967, na amekaa St. Louis miaka 12. Alikataa kwenda. Mkesha wa Krismasi alimwandikia kamishna barua akisema haoni kwamba yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Kwa mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo, maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu. Kazi yake ilikuwa imekwisha: alicheza mechi 13 tu mwaka 1971 akaacha.

Njia aliyoipasua yeye ikapitiwa na wengine. Andy Messersmith alicheza msimu wote wa 1975 na Dodgers bila kusaini mkataba, Dave McNally naye alikuwa hajasaini Montreal, na chama cha wachezaji chini ya Marvin Miller kikaenda kwa msuluhishi kuuliza swali moja: kuongeza mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja au milele? Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akajibu: mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Wamiliki walimfukuza kazi papo hapo, lakini uamuzi ukasimama. Ulaya ilisubiri miaka 20 kamili baada ya hapo, hadi Desemba 1995, ndipo Jean-Marc Bosman akawapatia wanasoka wenzake haki ya kuondoka mkataba ukiisha.

Miaka sita ilitoka wapi basi, ikiwa Seitz alisema mmoja? Miller ndiye aliyeikubali, na aliikubali kwa makusudi. Aliogopa wachezaji wote wasije wakawa huru kila mwaka kwa pamoja. Wewe umeona soko la maembe msimu ukikolea: yanajaa hadi muuzaji anabembeleza mteja. Miller alitaka sokoni waingie wachache kila majira ya baridi ili bei ibaki juu. Nusu karne imepita na hesabu yake bado inafanya kazi. Ndiyo sababu Tucker alipata milioni 60 kwa mwaka: wakati huo hapakuwa na Tucker watatu sokoni.

Tuje kwa Shohei Ohtani na milioni zake 700. Alisaini na Dodgers Desemba 2023, miaka kumi. Lakini katika miaka hiyo kumi anapokea dola milioni mbili tu kila mwaka. Milioni 680 zilizobaki atalipwa kati ya 2034 na 2043, milioni 68 kwa mwaka, bila riba. Shilingi ya leo na ya miaka kumi ijayo hazinunui kitu kimoja, kwa hiyo ligi inapopiga hesabu ya kodi inauona mkataba huo kama milioni 46 hivi kwa mwaka, wala si 70. Kanuni pia inailazimisha klabu kuitenga mapema thamani ya deni hilo, isije ikafika 2034 ikasema haina. Malipo ya kuahirishwa yapo siku nyingi. Bobby Bonilla, aliyestaafu zamani, hupokea kutoka Mets dola milioni 1.19 kila tarehe 1 Julai, tangu 2011 hadi 2035.

Kodi niliyoitaja ndiyo kizuizi pekee cha matumizi, maana besiboli ndiyo ligi pekee kati ya nne kubwa za Marekani isiyo na kikomo cha mishahara. Mwaka 2025 kizingiti kilikuwa dola milioni 241. Klabu inayovuka mara ya kwanza inalipa asilimia 20 ya kile kilichozidi, mara ya pili mfululizo 30, ya tatu 50, na anayevuka mbali sana anaongezewa adhabu juu ya adhabu. Mwaka 2024 klabu tisa zililipa. Astros wenu walikuwemo, na Dodgers peke yao walitoa zaidi ya dola milioni 100.

Wanazipata wapi? Mwaka 2013 waliingia mkataba wa televisheni wa miaka 25 wenye thamani ya dola bilioni 8.35, na kwa Ohtani wamefunguliwa mlango wa wadhamini wa Japani. Mwaka 2025 watazamaji waliopita kwenye uwanja wao walivuka milioni nne. Houston ni jiji kubwa lakini hakuna mkataba wa aina hiyo. Kituo cha televisheni kilichokuwa kikionyesha mechi zenu kilikufa, na mwaka 2023 Astros na Rockets ikabidi wakichukue wakiendeshe wenyewe. Mimi sipendi sana pengo hili lilivyo. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema dawa ni kuwafunga wachezaji mishahara. Fedha zipo kwa hali yoyote, na zisipokwenda kwa anayerusha mpira zitabaki kwa mwenye kiti cha ofisini.

Swali lako la vijana wa Uganda nimeliweka mwisho kwa kuwa jibu lake ni gumu zaidi. Uganda wana historia ya kweli kwenye mchezo huu: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Ni kweli pia kwamba Dodgers walisaini vijana wa Kiganda mwaka 2022. Lakini saa ya miaka sita haianzi siku kijana anaposaini. Inaanza siku anapokanyaga ligi kuu, na kabla ya hapo kuna ngazi za ligi ndogo ambazo wengi huzipanda miaka na miaka bila kufika juu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na akaingia uwanjani ligi kuu Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kufika hapo. Miaka tisa, na ndipo saa ikaanza.

Umri nao unaamua bei. Mchezaji kutoka nchi ya nje ambaye hajafika miaka 25 hawezi kuuza kipaji chake kwa bei ya soko. Kila klabu ina fungu dogo lililopangwa kwa ajili ya vijana wa nje, na lazima aingie humo. Tazama Wajapani wawili, wote warushaji, wote wa Dodgers. Yoshinobu Yamamoto alisubiri hadi 25, akasaini Desemba 2023 miaka 12 kwa dola milioni 325. Roki Sasaki hakusubiri, akapokea milioni 6.5 Januari 2025 pamoja na mkataba wa ligi ndogo. Na hapa, kaka, ndipo utakapoikuta ile ada ya uhamisho uliyokuwa ukiitafuta. Mchezaji anayetoka ligi ya Japani kabla hajawa huru huko, klabu yake hulipwa. Orix Buffaloes walipata takriban dola milioni 50 kwa Yamamoto. Klabu ya Lugazi haina ligi yenye makubaliano kama hayo na Marekani, kwa hiyo kijana wake akiondoka, hakuna ada inayorudi kwa waliomfundisha. Hilo linaniuma kuliko habari ya Tucker.

Kalenda usiihangaikie sana. Fainali ikiisha soko linafunguka, Novemba zinatolewa zile ofa za mwaka mmoja, Desemba wakuu wa klabu wanakutana sehemu moja na hapo ndipo biashara nyingi hufungwa, Februari timu zinakwenda Florida na Arizona kujiandaa. Mchezaji huru anaweza kusaini hata msimu ukiwa unaendelea. Tarehe moja tu uiandike ukutani: 1 Desemba 2026. Siku hiyo mkataba kati ya wamiliki na wachezaji unaisha. Uliopita ulipoisha 2021, wamiliki walifunga milango siku iliyofuata, na kwa siku 99 hakuna mchezaji wa ligi kuu aliyesaini wala kubadilishwa.

Halafu mtazame Jeremy Peña. Alianza na Astros siku ya kwanza ya msimu wa 2022. Kaa na watoto mhesabu misimu sita kwa vidole: inaishia 2027. Kama hajasaini mkataba mrefu kabla ya hapo, basi baada ya msimu wa 2026 atakuwa amebakiza mwaka mmoja, palepale alipokuwa Tucker ile Desemba.